Nozeli ya silinda ya tatu

Kitonga si mahali pa kugundulia kwamba gari lako lina ugonjwa. Ukitoka Morogoro kwenda Iringa unapita Mikumi, unaingia kwenye bonde la mibuyu lenye joto kali, kisha barabara inaanza kuukwea mlima kwa kona za kubana, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, huku malori yenye matela yakipanda kwa mwendo wa mtu aliyebeba gunia kichwani. Desemba ile nilikuwa nyuma ya tela mojawapo, na kila nilipokanyaga mafuta mshale wa mizunguko ya injini ulipanda kwa uvivu, gari likatikisika kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Nilishusha gia, likapata nguvu kidogo, likakohoa, likanywea tena. Tulifika Ilula mke wangu akiwa amelishika dashibodi kwa mikono miwili bila kusema neno, jambo ambalo kwake si la kawaida.

Dalili zilikuwa zimetangulia, nami nilizipuuza. Gari hilo ni Toyota IST ya mwaka 2004, yenye injini ya 2NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,298, na lilikuwa limekaa miezi 8 chini ya mwembe nyumbani kwa kaka yangu, Kimara, wakati nilipokuwa masomoni. Kaka aliliwasha mara mojamoja mwanzoni, kisha shughuli zikamzidi. Liliachwa likiwa na robo tenki ya petroli. Niliporudi nikachaji betri, nikamimina petroli mpya juu ya ile iliyolala, nikazungusha ufunguo mara nne au tano, likawaka, nikashukuru Mungu. Katika siku zile chache za Dar es Salaam lilikuwa zito kuwaka asubuhi, na kwenye foleni ya Ubungo sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, ilikuwa ikicheza: mshale ukitulia kwenye mizunguko 700 kwa dakika, ukishuka hadi 500, ukirudi. Nilisema ni betri. Mtu asiyetaka kuingia gharama kabla ya safari hana shida ya kupata maelezo.

Gereji ya kwanza niliyokwenda baada ya kufika Iringa ilikuwa karibu na ninapoishi, na fundi wake alikuwa kijana mwenye adabu na haraka. Alisikiliza injini kwa muda usiofika dakika moja, akaniambia, "Mwalimu, hizi ni plagi tu." Tukanunua plagi nne kwa shilingi 48,000. Gari likapata nafuu kwa siku mbili, na nafuu hiyo ndiyo iliyotupoteza, kwa sababu ilinifanya niamini kwamba tumegusa penyewe, kumbe plagi mpya ina uwezo wa kuwasha hata mchanganyiko hafifu wa mafuta na hewa ambao plagi iliyochoka ingeshindwa kuuwasha. Siku ya tatu tetemeko likarudi. Fundi akachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, mashine haikusoma kosa lolote, naye akahitimisha kwamba kompyuta ya gari ni nzima na kwamba kilichobaki ni koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche. Koili moja iliyotumika ilinigharimu 40,000 na haikubadilisha kitu. Akasema basi ni pampu ya mafuta, haina nguvu ya kusukuma mlimani. Akafunga pampu iliyotumika ya shilingi 85,000, na siku hiyohiyo akasafisha throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, na kubadilisha filta ya hewa.

Hapa ni lazima nijisute. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Kila mwaka huwaambia wanafunzi wa kidato cha pili kwamba katika jaribio hubadilishi vitu vitatu kwa mpigo, kwa sababu matokeo yakibadilika hutajua ni kipi kilichoyabadilisha. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikinywa soda, nikamtazama mtu akibadilisha vitu vitatu kwenye gari langu ndani ya saa mbili, nami nikalipa.

Wakati huo kila aliyesikia habari za gari langu alikuwa na jibu. Wa kwanza walisema ni mwinuko wa Iringa, na walikuwa na haki kidogo, maana mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo ya kuisukumia hewa lazima ipungukiwe nguvu. Lakini mwinuko hupunguza nguvu kwa utulivu. Hautikisi gari likiwa limesimama. Wengi zaidi walisema nimeuziwa mafuta yaliyochakachuliwa. Neno hilo lina historia nchini kwetu: uchanganyaji wa mafuta ya taa katika dizeli na petroli ulikithiri kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri ya kutambulia mafuta halali, kwenye mafuta yanayouzwa nchini, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Tangu wakati huo gari likikohoa, lawama ya kwanza huenda sheli. Nami niliamini hivyo kwa wiki nzima, nikahama kituo cha mafuta, nikamimina ndani ya tenki chupa ya dawa ya kusafishia nozeli, vile vimdomo vinavyoinyunyizia injini petroli, dawa iliyouzwa kwa maneno mengi na matokeo machache. Sikuona tofauti.

Kwa Mzee wa Ipogolo nilipelekwa na mwalimu mwenzangu. Gereji yake ni uwanja wa vumbi wenye banda moja la mabati, chini kule ambako barabara kuu inapita kabla hujaukwea mlima wa kuingia mjini. Nilimsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akaendelea kunawa mikono kwa sabuni ya unga, kisha akaanza kuuliza. Linatetemeka likiwa limesimama au likitembea? Likiwa la baridi au likishapata moto? Ukikanyaga sana linatulia au linazidi? Lilipata kukaa muda mrefu bila kutembea? Mafuta linakula vipi? Nilikuwa nimeandika: kwa kujaza tenki hadi mwisho na kugawanya kilomita kwa lita, gari lililokuwa likinipa kilomita 15 kwa lita sasa lilinipa 10 na nusu. Aliposikia hayo pamoja na ile miezi 8 ya mwembeni, alitikisa kichwa polepole, lakini hakutamka jina la ugonjwa.

Alichofanya baadaye hakikugharimu hata shilingi. Aliniambia niwashe gari, akaenda nyuma, akaweka kiganja karibu na mdomo wa eksozi. Akaniita nami niweke. Pumzi ya injini nzima hutoka kwa mfululizo ulio sawa. Hii yangu ilikuwa puf-puf-puf, kimya kidogo, puf-puf-puf, kimya. "Wanafanya kazi watatu," alisema, "wa nne anawasindikiza." Kisha akafungua boneti, akachukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha yake kwenye nozeli ya kwanza na mpini wake sikioni, akasikiliza, akahamia ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipojaribu mimi nilisikia zote nne zikigonga tiki-tiki-tiki kama saa ya ukutani. Nikadhani tumekwama. Yeye alisema hapana, tumejifunza kwamba umeme unafika na sindano za ndani zinanyanyuka. Kama moja ingekuwa kimya tungetafuta waya au koili yake ya sumaku. Alipima hata ukinzani kwa mita, zote zikasoma karibu omu 14, kiwango cha kawaida kwa nozeli za aina hiyo.

Baada ya hapo akaanza kuchomoa soketi za nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inaunguruma. Alipochomoa ya kwanza, injini ililegea na kutikisika zaidi, akairudisha. Ya pili, vivyo hivyo. Alipochomoa ya tatu injini haikujali. Mshale haukushuka, sauti haikubadilika, kana kwamba amechomoa kitu kisicho cha gari hilo. Ya nne ikalegeza tena. Kwa hiyo silinda ya tatu ndiyo iliyokuwa haizalishi kitu, lakini bado haikujulikana kama ni moto wa plagi, ni mafuta, au ni valvu isiyofunga vizuri. Alihamisha koili ya tatu kwenda ya pili: ugonjwa ukabaki kwenye tatu. Alipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote: zilikaribiana. Ilibaki nozeli.

Plagi zile mpya, zilizokuwa na wiki tatu tu, zilipotoka ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinaendelea ndani. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeupe kama mfupa uliokaa juani. Nyingine tatu zilikuwa na masizi meusi. Kwa mtazamaji wa haraka hizo tatu nyeusi ndizo zinazoonekana mgonjwa, na kwa kweli fundi wa kwanza alikuwa ameniambia kwamba gari linamwaga mafuta mengi. Mzee alinieleza kinyume chake, nami nilipokwenda nyumbani na kufikiria nikaona mantiki ilivyokamilika. Sensa ya oksijeni kwenye eksozi inapima moshi wa silinda zote nne ukiwa umechanganyika. Silinda moja isipopata mafuta ya kutosha, hewa yake hutoka ikiwa na oksijeni isiyotumika. Sensa huiarifu kompyuta kwamba mchanganyiko ni hafifu. Kompyuta, isiyojua ni silinda ipi, huongeza mafuta kwa zote nne. Ile yenye nozeli iliyoziba hufaidika kidogo tu, na zile tatu nzima hupewa zaidi ya zinachohitaji, zinavaa masizi, na tenki linaisha. Mashine ya mzee haikuonyesha kosa lolote, sawa na ile ya kwanza, lakini yeye hakuishia kwenye ukurasa wa makosa. Alifungua ukurasa wa takwimu za papo hapo, akanionyesha kwamba kompyuta imeongeza mafuta kwa asilimia 14 juu ya kiwango chake. Kosa halikuwa limeandikwa kwa sababu ongezeko hilo lilikuwa bado ndani ya mpaka ambao kompyuta inauvumilia.

Kabla ya kufungua reli ya nozeli, bomba linalozigawia petroli, alichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akawasha gari, akaliacha liungurume hadi likazimika lenyewe kwa kuishiwa, kisha akachomoa waya wa betri. Katika injini hii petroli hukaa kwenye reli kwa shinikizo la kilopaskali zaidi ya 300, kama mara tatu ya shinikizo la hewa, na anayelegeza mpira wa mafuta bila kulitoa shinikizo hilo hurushiwa petroli usoni au juu ya eksozi yenye moto. Kijana wake aliyekuwa akivuta sigara mlangoni alifukuzwa kwa neno moja ambalo sitaliandika.

Nozeli zilipotoka alibadilishana mahali ya tatu na ya kwanza tu, akafunga kila kitu, akawasha. Tetemeko lilikuwepo bado. Akachomoa soketi ya silinda ya tatu: injini ikalegea. Akachomoa ya kwanza: haikujali. Ugonjwa ulikuwa umehama na nozeli. Nilikaa kimya nikihesabu: 48,000, 40,000, 85,000, na ufundi juu yake, na jaribio lililotoa jibu lilihitaji spana mbili na saa moja.

Nozeli yenyewe ni kitu kidogo, urefu wa kidole. Juu ina mdomo wenye kichujio cha wavu mdogo sana, katikati kuna koili ya sumaku, chini kuna sindano inayoziba bamba lenye vitundu ambavyo jicho tupu huviona kwa shida. Kompyuta ikipeleka umeme, sumaku inainyanyua sindano kwa milisekunde chache, injini ikiwa sailensa huwa ni mbili au tatu hivi, na petroli inatoka kama ukungu. Gari likizimwa likiwa na moto, joto la injini huikausha petroli iliyobaki kwenye ncha, nyepesi inaruka, nzito inabaki na kuwa utando wa gundi. Gari linalotembea safari ndefu huusafisha utando huo kidogo kidogo kwa mafuta yanayopita; linalozimwa na kuwashwa kwa safari fupi za sokoni hujenga ukoko kama wa sufuria ya wali. Na petroli iliyolala miezi 8 huoza kwa namna yake: hubadilika rangi, hunuka kama rangi ya mafuta, na huacha mabaki yanayonata kila inapopita.

Mzee hakuziosha mwenyewe. Alisema ana njia yake ya zamani, ya kuunganisha nozeli na betri kwa waya mbili na kuipulizia dawa ya kabureta huku akigusagusa waya ili ifunguke na kufunga, lakini kwa njia hiyo huoni kipimo, na aliyewahi kuishika nozeli kwenye umeme wa volti 12 kwa muda mrefu aliishia kuiunguza koili yake. Mbaya zaidi, petroli au dawa inayopulizwa karibu na cheche za waya wa betri haihitaji kosa la pili. Kuna pia wanaozibua vitundu kwa sindano ya kushonea au uzi wa waya wa breki ya baiskeli. Hao huipanua njia ya mafuta, na nozeli iliyopanuliwa hairudi tena ilivyokuwa. Tulizipeleka mjini kwa kijana mwenye mashine ya kuoshea nozeli.

Mashine hiyo ina mirija minne ya kioo iliyopangwa wima, yenye alama za mililita, na nozeli hukaa juu ya kila mrija. Kijana aliziendesha kwa sekunde 15 kabla ya kuziosha, ili tuone zilivyo, na hilo nilimheshimu nalo, kwa sababu angeweza kuziosha kimya na kunionyesha uzuri tu. Tatu zilitoa koni ya ukungu pana inayofanana. Ile ya tatu ilitoa uzi mmoja uliopinda upande, ukigonga kioo na kutiririka. "Hii inakojoa, hainyunyizi," alisema. Nikasoma mirija: 41, 40, 29, 41. Nikaandika namba hizo kwenye daftari la gari. Petroli inayokojolewa kama uzi haichanganyiki na hewa vizuri, kwa hiyo hata zile mililita 29 zilizotoka hazikuwa zikiungua zote.

Aliondoa vichujio vya juu kwa skrubu ndogo, akazitumbukiza nozeli kwenye beseni la dawa linalotetemeshwa na mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, huku mashine ikizifungua na kuzifunga kwa umeme wa vipindi vifupi. Dakika 20 baadaye dawa iliyokuwa angavu ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Alirudisha vichujio vipya, akabadilisha oringi zote za mpira, kwa kuwa oringi ya zamani ikishavuliwa huwa imebonyea na kukauka na ikirudishwa huvujisha petroli juu ya injini yenye moto. Akazipima tena: 42, 41, 39, 42. Nilimlipa 50,000.

Mzee alizipaka oringi mafuta ya injini kidogo, akazisukuma kwa kuzizungusha bila kulazimisha, na kabla ya kuwasha alihakikisha pampu imejaza reli, akapitisha kidole kavu kuzunguka kila nozeli kutafuta unyevu. Gari likawaka kwa mpigo mmoja. Sailensa ikasimama 700 kama iliyopigiwa msumari. Nikaenda hadi Ilula na kurudi, nikapanda bila kushusha gia pale ambapo Desemba lilikuwa likilia.

Ningependa habari iishie hapo, na kwa wiki tano nilidhani imeishia hapo. Wiki ya sita, asubuhi moja ya baridi, kwikwi ikarudi, safari hii kwa upole na kwenye silinda ya kwanza.

Mzee hakushangaa sana. Alisema kosa ni lake pia, kwa sababu alitibu mdomo bila kuuliza chakula kinatoka wapi, na akataka kuiona ile pampu niliyofungiwa. Kwenye IST pampu hutolewa kwa kunyanyua kiti cha nyuma na kufungua mfuniko mdogo, kwa hiyo haikuchukua muda. Wavu wa chini wa pampu ulikuwa umevaa tope la rangi ya kahawia, laini kama uji wa ulezi uliopoa. Hilo nilitarajia. Sikutarajia kilichofuata: alipofungua kikombe kinachoshika filta laini, ile inayopaswa kuzuia uchafu ambao wavu hauwezi kuuzuia, ndani mlikuwa na ganda tu. Karatasi yote ya kuchujia ilikuwa imekatwa na kutolewa. Mzee aliligeuza ganda juu ya kiganja akanichungulia kupitia upande wa pili, jicho lake likiwa kwenye duara.

Kumbe kuna mafundi wanaofanya hivyo kwa makusudi: filta ikiziba na mpya ikiwa ghali, huitoboa ili mafuta yapite, gari linaamka, mteja anafurahi. Pampu yangu ya awali, iliyotoka na gari Japani, huenda haikuwa na ubovu wowote. Nilirudi kwenye gereji ya kwanza kuiulizia. Yule kijana alinipokea vizuri, akasema pampu aliyonifungia aliinunua ikiwa hivyo na hakuifungua, na kwamba ya kwangu ya zamani ilishauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Sikuwa na risiti ya kitu chochote. Nilimwaga hasira kidogo, si nyingi, maana nilikumbuka ile soda na kile kiti cha plastiki.

Tulishusha tenki. Lilitoka na lita 9 za petroli ambayo mzee aliimimina kwenye chupa ya maji tukaiacha itulie nusu saa: chini kulijitenga tabaka la maji la unene wa kidole, na juu yake vumbi la kahawia likielea. Sehemu ya maji hayo ilitokana na miezi ya mwembeni, ambapo tenki lisilojaa huvuta hewa yenye unyevu wa pwani ikipoa usiku na kuacha matone, na sehemu nyingine sina budi kukiri ilitoka kwenye vidumu vya petroli ya barabarani nilivyonunua mara mbili nilipoishiwa. Tenki likasuuzwa kwa petroli safi mara tatu, likakaushwa juani kutwa nzima, likarudishwa na filta mpya iliyofungwa mbele ya macho yangu. Mzee akafunga geji kwenye mpira wa mafuta: kilopaskali 320, mahali pazuri kabisa kwa injini hii, ambayo kiwango chake ni kati ya 304 na 343. Nozeli zikaenda kuoshwa mara ya pili, na yule kijana wa mirija alinitoza nusu ya bei kwa huruma.

Namba za mara ya pili zipo kwenye daftari chini ya zile za kwanza: 42, 41, 38, 42. Ya tatu haijafikia wenzake, na kijana alinishauri niitafutie nyingine kwa kuwa imeshachoka. Nilimuuliza mzee. Aliitazama ikinyunyiza kwenye video niliyoichukua kwa simu, akasema koni yake ni nzuri, tofauti ya mililita 4 injini haitaihisi, na kwamba nozeli iliyotumika nitakayoinunua Kariakoo sitajua imelala kwenye tenki la nani. Tukairudisha palepale kwenye silinda ya tatu. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Tenki sasa sipendi lishuke chini ya nusu, gari linatembea angalau mara moja kwa wiki hata nisipokuwa na pa kwenda, na kila baada ya kilomita 5,000 huchomoa plagi ya tatu na ya kwanza nikaziweka kando kwa kando kwenye gazeti. Mara ya mwisho zote mbili zilikuwa na rangi ileile ya hudhurungi hafifu, kama biskuti.